Pampu ya matope inagonga: sauti inaweza kukuambia nini, na wapi inakoma

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi kwenye rigi moja ya mafuta upande wa Ziwa Albert, Uganda, na kazi yangu kubwa ni kuangalia pampu za matope. Kuna mzee hapa kazini ambaye anaegesha ncha ya bisibisi kwenye pampu, anaweka mpini sikioni, kisha anasema 'vali ya katikati imeanza kuliwa.' Tukifungua tunakuta ni kweli. Mimi nikifanya hivyo nasikia kelele tu. Sasa pampu namba 2 imeanza kugonga. Mwenzangu anasema ni beringi za kranki na anataka tufungue upande wa nyuma. Nimepakua programu ya simu inayochora sauti, ila sijui kuisoma. Tumesikia pia kuna vihisi vinavyosikia uchakavu wiki kadhaa kabla kifaa hakijafa, na bosi ananiuliza kama vinafaa kununuliwa. Nianzie wapi? Mzee anastaafu mwaka huu."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na pampu namba 2 kwa sababu yenyewe haisubiri: msifungue bado upande wa kranki, ule mhimili unaozungusha mwendo wa pistoni. Pampu ya matope, ile inayozungusha matope ya kuchimbia kisimani, inapogonga, beringi huwa ni mtuhumiwa wa mwisho, si wa kwanza. Kufungua upande ule ni kazi kubwa, na ukifungua kwenye vumbi na tope unaweza kuingiza uchafu kwenye beringi ambazo zilikuwa salama kabisa.

Naona swali lako limebeba hofu mbili. Unaogopa kufungua kisicho na kosa, na unaogopa kuacha chenye kosa mpaka kife usiku mabomba yakiwa chini. Zote mbili zina msingi. Matope yakiacha kuzunguka, vipande vya mwamba vilivyokuwa vinapanda juu vinaanza kutulia na vinaweza kubana mabomba kisimani. Kwa hiyo swali la vali iliyoliwa linagusa kisima kizima, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kushika spana.

Kwanza tumwelewe mzee. Wengi hudhani mtu kama yeye ana sikio la ajabu, au kwamba kuna sauti fulani ya ubovu ambayo mtu akishaijua basi amemaliza. Sivyo. Anachofanya mzee ni kulinganisha. Amezisikia pampu zile zile zikiwa na vali mpya, zikiwa na vali za katikati ya umri, zikisukuma matope mepesi na matope mazito, na kila anapoweka bisibisi anauliza jambo moja tu: kuna nini leo ambacho jana hakikuwepo? Wewe unasikia kelele kwa sababu huna jana ya kulinganisha nayo. Hilo linajengeka, na nitakuonyesha namna.

Sasa tuingie ndani ya pampu. Ya kwenu bila shaka ni ya pistoni tatu, kila moja ikisukuma upande mmoja tu, zikipishana theluthi moja ya mzunguko wa kranki. Chukua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Kranki inazunguka mara 2 kwa sekunde, na kwa kuwa pistoni ni tatu, bomba la kutolea linapata misukumo 6 kwa sekunde. Pampu nzima ikiwa na afya, misukumo hiyo 6 inafanana, na unasikia mdundo mmoja wa haraka uliosawazika. Vali moja ikianza kuvuja, msukumo mmoja kati ya kila mitatu unakuwa dhaifu. Mdundo unaanza kuchechemea, na kuchechemea huko kunarudi mara 2 kwa sekunde, sawasawa na mzunguko wa kranki. Hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote, na utaiona kwenye geji ya presha kabla sikio lako halijaizoea: sindano inaruka kwa mpangilio, mara moja kila mzunguko.

Vali inaliwaje? Vali na kiti chake vinakutana kwa ukingo mwembamba wa chuma na mpira. Chembe ya mchanga ikinasa hapo, au mpira ukichanika kidogo, panabaki upenyo. Upande mmoja wa upenyo huo kuna presha ya maelfu ya psi (kipimo cha presha), upande wa pili presha ni ndogo mno. Matope yenye mchanga yanapita hapo kama kisu na kuchimba mfereji kwenye chuma. Mfereji ukishaanza unajipanua wenyewe, kwa sababu kadiri unavyokua ndivyo matope mengi zaidi yanavyopita. Vali iliyoanza kuvuja asubuhi inaweza kuwa imeliwa pamoja na kiti chake kabla ya zamu kuisha. Ukiwahi, unabadilisha vali peke yake. Ukichelewa, unabadilisha na kiti, na huenda mfereji ukawa umeshafika kwenye mwili wa pampu, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Mvujo mdogo hutoa sauti ya kuzomea, nyembamba sana, sehemu kubwa yake ikiwa juu ya mitetemo 20,000 kwa sekunde ambayo ndiyo mpaka wa sikio la binadamu, hata la kijana. Sauti hiyo inasafiri vizuri kwenye chuma lakini hewani inafifia upesi. Ndiyo maana bisibisi inasaidia, kwani inaipitisha sauti ndani ya chuma hadi kwenye mfupa wa sikio bila kuvuka hewa iliyojaa kelele za injini. Na ndiyo maana hata mzee, kwa umahiri wake wote, anaisikia vali ikiwa imeshaliwa kiasi. Hakuna sikio linalosikia mwanzo wenyewe.

Kuna njia ambayo haihitaji miaka ya uzoefu. Vyumba vitatu vya pampu, kimoja kwa kila pistoni, ni kama ndugu watatu waliozaliwa siku moja na kufanya kazi moja: mmoja akianza kukohoa, wawili wanakuonyesha afya inavyosikika. Kwa stetoskopu ya fundi, yenye ncha ndefu ya chuma, gusa mahali pale pale kwenye kila chumba, kwanza karibu na vali ya kuvuta, kisha karibu na vali ya kutoa. Usitafute sauti mbaya. Tafuta kile chumba kisichofanana na wenzake. Kisha angalia kuzomea kunatokea wakati gani. Vali ya kutoa ikivuja, matope yenye presha yanarudi ndani ya chumba pistoni inapovuta. Vali ya kuvuta ikivuja, yanarudi nyuma pistoni inaposukuma. Mkisimamisha na kufungua, mnajua tayari ni vali ipi, na spea iko mkononi.

Turudi sasa kwenye kugonga kwenu. Mwombe drila, yule anayeendesha uchimbaji, apunguze mwendo wa pampu polepole huku umesimama mahali salama, mbali na fimbo za pistoni na mikanda. Kugonga kukipotea mwendo ukishuka, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni ulishaji. Chumba hakijai matope kwa wakati, vali inachelewa kukaa, na pistoni inapogeuka inakutana na matope kwa kishindo. Kagua chujio la upande wa kuvuta, maana huziba kwa takataka za tangi. Kagua pampu ndogo ya kulisha, kina cha matope kwenye tangi, na kama matope yana hewa au povu. Kagua pia gesi ya chombo cha kutuliza misukumo, pampu ikiwa imezimwa na presha ikiwa sifuri. Presha ya gesi humo kwa kawaida haizidi theluthi mbili ya presha ya kazi, na ni naitrojeni tu inayoruhusiwa. Oksijeni au hewa ya kompresa ikikutana na mafuta kwenye presha ile inaweza kulipuka, na mtu akikuambia "tujaze hii kwa leo tu," kataa.

Kugonga kukibaki hata mwendo ukishuka, tena kwa pigo moja kila mzunguko, angalia klampu inayounga fimbo ya pistoni na fimbo ya upande wa kranki, halafu nati ya pistoni, halafu krosihedi (kipande kinachoteleza kati ya kranki na fimbo ya pistoni) na reli zake. Klampu iliyolegea inagonga kwa namna inayomfanya mtu aape kwamba beringi imekufa. Ni baada ya kupita yote hayo ndipo beringi za kranki zinaingia kwenye orodha, na hata hapo usianze na spana. Anza na mafuta ya upande wa kranki: chota kidogo, yapitishe juu ya sumaku, uone kama kuna chembe za chuma zinazong'aa, na ulinganishe joto lake na la pampu namba 1. Beringi inayokufa huacha ushahidi kwenye mafuta.

Kuhusu simu, nitasema wazi: iache kambini. Kwanza ni usalama. Maeneo ya matangi ya matope na machujio ya mtikisiko yanaweza kuwa na gesi inayowaka, na simu ya kawaida haijaidhinishwa kuingia huko. Kifaa chochote cha umeme unachobeba hapo lazima kiwe na cheti cha maeneo yenye gesi, kwa mfano IECEx au ATEX. Pili, hata pasingekuwa na gesi, simu ingekudanganya. Imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Inajirekebisha yenyewe, ikikandamiza kelele inayoendelea na kuinua kinachofanana na maneno, kwa hiyo pampu ya jana na ya leo zinaweza kuonekana sawa, au tofauti, kwa sababu ya simu tu. Tena hurekodi sampuli kama 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kuonyesha chochote kilicho juu ya mitetemo 24,000, na uzomeaji wa mvujo unaoanza uko zaidi huko. Michoro yake inapendeza, lakini isikushawishi kufungua mashine.

Je, vihisi vinasikia uchakavu wiki kadhaa kabla? Kwa baadhi ya vifaa, ndiyo. Kwa vingine, hapana, na hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza.

Chukua mota ya pampu ndogo ya kulisha, inayozunguka mara 1,200 kwa dakika, sawa na mara 20 kwa sekunde. Tuseme beringi yake ina gololi 9. Ufa mdogo ukitokea kwenye ringi ya nje, kila gololi inayopita juu yake inagonga kidogo. Kwa hesabu ya haraka ya mafundi, idadi ya migongano ni karibu 0.4 ya gololi zote kuzidisha mizunguko, yaani 0.4 × 9 × 20, mara 72 kwa sekunde. Ufa ukiwa kwenye ringi ya ndani unachukua 0.6 badala ya 0.4, unapata 108. Kihisi cha mtetemo kilichofungwa imara kwenye nyumba ya beringi kitaona mdundo huo, na mchambuzi atakuambia hata ni ringi ipi. Kabla ya hapo, kifaa cha altrasaundi kinachosikiliza karibu na mitetemo 40,000 kwa sekunde kinasikia msuguano wa grisi iliyopungua. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ongezeko la desibeli 8 juu ya kipimo cha beringi ile ile ikiwa nzima ni dalili ya kukosa ulainisho. Ukiongeza grisi kidogo kidogo huku unasikiliza na kipimo kikarudi, umeiokoa. Kwa mota, giaboksi na pampu ndogo, kauli ya "wiki kadhaa kabla" ina ukweli.

Kwa vali, wiki kadhaa haiwezekani, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauishi wiki kadhaa. Pale ushindi ni saa chache: kujua asubuhi badala ya jioni. Na kwa beringi kubwa za kranki, ambazo zinazunguka mara 2 tu kwa sekunde, migongano yake ni hafifu na inafunikwa na vishindo vya pistoni zenyewe. Kihisi cha kawaida cha mtetemo kinahangaika hapo. Kuna vihisi vya mawimbi ya mkazo vinavyosikiliza kati ya mitetemo 100,000 na milioni 1 kwa sekunde, vinavyoweza kunasa msuguano na ufa unaokua hata kwenye mwendo wa polepole, lakini ni ghali na vinahitaji mtu aliyefundishwa kusoma matokeo. Kwa beringi hizo mimi bado naamini zaidi uchunguzi wa mafuta.

Kabla bosi hajatoa hata shilingi, kuna kihisi ambacho tayari mnacho. Visima vya upande wenu vinachimbwa kwa kupinda. Vile vya Kingfisher vinaanzia nchi kavu na kwenda chini ya ziwa. Kisima cha namna hiyo hakichimbwi bila watu wa MWD (upimaji wakati wa kuchimba), wanaopata mwelekeo wa kisima kupitia misukumo ya presha inayosafiri ndani ya matope kutoka chini hadi juu. Kihisi chao cha presha kimefungwa kwenye bomba la wima la jukwaani, na adui yao mkubwa ni kelele ya pampu yako. Vali ikianza kuvuja, wao wanaiona kwenye skrini kama uchafu unaofunika ujumbe wao, mara nyingi kabla hujaisikia. Nenda kibandani kwao kwa adabu, uwaombe wakuonyeshe mchoro wa presha wakati pampu ni nzima, na muwekeane utaratibu: wakiona mdundo wa mara moja kila mzunguko, wakuarifu. Nimeona mara nyingi pande mbili hizi zikikaa rigi moja bila kuzungumza, kila moja ikiwa na nusu ya jibu.

Kwa hiyo jibu langu kwa bosi ni hili. Anunue kwanza kifaa kimoja cha mkononi cha altrasaundi chenye ncha ya kugusia na cheti cha maeneo ya gesi, na alipie mafunzo ya watu wawili, mmoja kila zamu. Kihisi cha kudumu kiwekwe pale ambapo kinalipa: mota, pampu ndogo za kulisha na giaboksi ya mashine ya juu inayozungusha mabomba. Mtu akija kuuza mfumo wa akili bandia unaodai kutambua kila ubovu, bosi amuulize umejifunza kwa pampu za aina gani, na unafanya nini laina (silinda ambamo pistoni inateleza) inapobadilishwa, matope yanapoongezwa uzito au mwendo unapopanda, maana kila moja ya hayo hubadilisha sauti bila kitu kuharibika. Akijibu kwa uhakika na kukubali kujaribiwa kwenye pampu zenu, asikilizwe. Akikwepa, aende zake.

Na wewe, anza daftari kabla mzee hajaondoka. Weka alama ya rangi mahali unapogusa, ili kila mtu aguse hapo hapo. Pima mara tu vali mpya zinapofungwa, ukiandika mapigo kwa dakika, presha, uzito wa matope na ukubwa wa laina. Pima tena kila zamu kwa mwendo ule ule. Kisha, hili ndilo watu wengi huliacha: kila pampu inapofunguliwa, andika ulichotegemea na ulichokikuta, na piga picha ya vali ikiwa karakana, sehemu salama. Mwombe mzee aseme hukumu yake kabla hamjafungua, uiandike na saa. Akipatia, andika. Akikosea, andika pia, bila kumvunjia heshima. Kurasa hizo zitabaki akishastaafu.

Nina wasiwasi na masikio yako. Eneo la pampu kwa kawaida lina kelele zaidi ya desibeli 85, kiwango ambacho taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri kisizidi kwa saa 8. Kwa hesabu yao, kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unapungua kwa nusu, kwa hiyo desibeli 94 ni saa 1 tu. Usikivu unaoharibiwa na kelele huanza kupotea karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, na huwezi kugundua mwenyewe. Hata mafundi wanaosifiwa kwa sikio wanaweza kuwa wameathirika. Vaa vizibo, juu yake vifuniko, na uombe kipimo cha usikivu kila mwaka. Bisibisi iache, mkono ukiteleza mashine ikizunguka unaweza kupoteza sikio au jicho.

Mwisho, ujue mahali sauti inapokoma. Presha ikishuka ghafla mapigo yakiwa yale yale, usikimbilie kusema ni vali. Inaweza kuwa tundu kwenye bomba lililoko kisimani, na presha ikishuka huku mapigo yakipanda yenyewe inaweza kuwa gesi au mafuta yameanza kuingia kisimani. Hapo hupimi wala husikilizi chochote: mwambie drila mara moja, na yeye ndiye atakayesimamisha na kuangalia kama kisima kinatiririka. Vilevile, ukikuta chembe za chuma kwenye mafuta, au joto la upande wa kranki likipanda pamoja na kugonga, pampu isimame na aitwe mtaalamu wa mtengenezaji aje aione kwa macho. Mimi nikiwa mbali siwezi kuhukumu beringi kwa maelezo, na yeyote anayekuambia anaweza usimsikilize.

Kwa zamu ya kesho: omba kibali cha kazi, zimeni pampu namba 2, umeme ukatwe na kufungwa kwa kufuli, presha itolewe yote, kisha anza na chujio na klampu. Ukishapata majibu ya mafuta, niandikie pamoja na mapigo na presha mliyokuwa nayo kugonga kulipoanza.